Hita imegoma katikati ya baridi ya mwezi wa saba: samaki wa Tanganyika waokolewe vipi?

SWALI: Jambo, Mzee. Tunaishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Sebuleni tuna tangi la kioo la lita 120 lenye samaki kumi na mmoja wa Ziwa Tanganyika, brichardi saba na Julidochromis wanne, ambao shemeji yangu alituletea kutoka Kalemie. Tangu juzi hita yetu ya wati 100 haipashi maji. Taa yake nyekundu inawaka, lakini leo asubuhi kipimajoto kimesoma digrii 19, na sisi tumezoea 25. Umeme nao unakuja na kuondoka. Samaki wamelala chini, rangi imefifia, chakula hawakigusi. Mume wangu anasema tuingize mbabula ya makala (jiko la makaa) sebuleni na tufunge milango na madirisha. Mimi nilitaka kumimina sufuria ya maji ya moto. Nani kati yetu yuko sahihi? Na hiyo hita niitupe?

JIBU: Jambo sana, mama. Nianze na mbabula, maana hilo haliwezi kusubiri. Tafadhali msiiingize ndani. Najua baba watoto ana nia njema, na najua usiku wa mwezi wa saba hapa kwetu unavyoshuka hadi digrii saba au nane, watu wazima wanalala na soksi. Lakini makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Watu hudhani makala yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, basi hatari imepita. Haijapita. Kilichoondoka ni ule moshi uliokuwa ukiwatahadharisha. Aliyelala hazinduki. Jenereta nayo ni vilevile, hata ikiwekwa jikoni au kwenye korido. Mbabula tutaihitaji sana usiku huu, lakini mahali pake ni nje kwenye lupango, yaani uani, na juu yake sufuria ya maji.

Na hata tukiweka kando hatari hiyo, moto wa makala ungewafaa watu muda mrefu kabla ya kuwafaa samaki. Lita 120 za maji ni mzigo. Kuzipandisha digrii moja tu, hita nzima ya wati 100 hufanya kazi kama dakika 84 bila kupumzika, na hapo sijahesabu joto linalotoroka wakati huohuo. Hewa ya chumba ikipata moto hulipitishia tangi joto lake polepole mno.

Sasa sufuria yako ya maji ya moto. Hapo nina kisa changu mwenyewe, na bado kinaniuma. Miaka mingi iliyopita tangi langu la kwanza lilipoa hivihivi, likafika digrii 18. Nikachemsha birika mbili, nikamimina kwenye pembe moja nikiamini samaki watajisogeza. Hawakusogea. Samaki aliyepoa hana mbio. Misuli yake imeganda kama vidole vyetu tunavyoviosha alfajiri kwenye maji ya bomba. Wawili walipitiwa na mkondo ule wa moto, macho yakageuka meupe palepale. Wengine walihema mfululizo hadi mchana, na jioni nilikuwa nimetoa wanne. Waliopona ni wale waliokuwa pembe ya mbali, ambako maji yalibaki baridi. Nililazimika kukubali kwamba baridi ilikuwa haijaua hata mmoja. Niliowaua ni mimi kwa haraka yangu.

Kwa hiyo digrii 19 zisikutie hofu ya kufanya jambo kwa pupa. Ni kweli samaki hawa si wa baridi. Ziwa Tanganyika lina kina kinachokaribia mita 1,470, na hata kule chini kabisa, gizani, maji yake ni kama digrii 23. Huku juu wanakoishi samaki wako, kwenye miamba ya ufukoni, mara nyingi ni 24 hadi 27. Ina maana ukoo wao wote haujawahi kuonja maji ya 19. Ndiyo maana wamelala chini, mapezi yamekunjwa, mistari ya Julidochromis imefifia mpaka unaitafuta. Mwili umepunguza kila kitu: kuhema, kula, kukimbia. Hiyo ni njia yao ya kungoja. Wanaweza kungoja hivyo saa kadhaa, hata siku moja na zaidi, ikiwa maji yalishuka polepole kama yalivyoshuka kwako. Wasichoweza ni kukaa hivyo wiki nzima, kwa sababu kinga ya mwili nayo inalala. Wala hawawezi kurushwa kutoka 19 hadi 25 kwa nusu saa.

Kazi ya leo, basi, ina hatua mbili, na ya kwanza ndiyo watu huiruka: zuia joto lililomo lisitoke, halafu urudishe lililopotea, digrii moja kwa saa, si zaidi.

Joto linatoroka kupitia wapi? Wengi hutazama kioo. Mimi nakuomba utazame juu, kwenye uso wa maji. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, midomo inapasuka, na hewa kavu hunywa maji ya tangi usiku kucha. Kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto lake. Chukua glasi moja ya kawaida, robo lita. Kiasi hicho kikikauka kutoka kwenye tangi lako kati ya jioni na asubuhi, kimebeba joto la kutosha kuyashusha maji yote yaliyobaki kwa zaidi ya digrii moja. Glasi moja tu, na tangi lisilofunikwa hupoteza zaidi ya hapo bila wewe kuona. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine, funika. Kipande cha kioo ni kizuri. Kama hakipo, karatasi ya nailoni ngumu iliyotandazwa na kushikwa na utepe wa gundi pembeni. Acha mwanya wa vidole viwili upande mmoja ili hewa iingie.

Kisha vika tangi nguo. Kitu bora ni frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la televisheni au friji. Kata kwa kisu, bandika nyuma na pande mbili, na ukipata kipande kirefu weka juu ya kifuniko. Upande wa mbele ning'iniza blanketi lililokunjwa mara mbili, ambalo utalifunua ukitaka kuchungulia. Kama frigoliti haipo, maboksi ya kartoni mawili matatu yakipangwa pamoja yanasaidia sana. Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa ndani yake. Hakikisha blanketi haligusi maji, kwa sababu pembe moja ikilowa itanyonya maji kama utambi na kuyamwaga sakafuni, na sakafuni ndiko kuna nyaya zako.

Nikueleze tofauti niliyoipima kwangu. Tangi langu ni la ukubwa kama wako, na sebule yangu usiku hushuka hadi digrii 16 hivi. Likiwa na kifuniko peke yake, maji yalitoka 25 saa tatu ya usiku yakawa 21 kulipopambazuka. Usiku uliofuata, frigoliti na blanketi vikiongezwa, yalitoka 25 yakaishia 23. Sikutumia umeme wala makala.

Taa ya tangi izime. Giza huwatuliza, na brichardi wakitulia hawafukuzani.

Sasa tuje kurudisha joto. Chukua chupa za plastiki za maji ya kunywa, za lita moja na nusu, nne zinatosha. Osha kwa maji matupu, bila sabuni. Chemsha maji nje kwenye mbabula, kisha changanya ndani ya chupa nusu ya maji yaliyochemka na nusu ya maji ya baridi. Anza na ya baridi ndipo uongeze ya moto, la sivyo chupa itajikunja mikononi mwako. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, kwa hiyo mchanganyiko huo unakupa kama 57. Huo ndio unaoutaka. Ukijaza maji yanayotokota moja kwa moja, plastiki inalegea, kifuniko kinaachia, na umerudi kwenye kosa langu la birika.

Jaza chupa mpaka shingoni ili isielee sana, funga kwa nguvu, ipindue juu ya sinki uone kama inavuja. Kabla ya kuiingiza, toa lita tatu za maji ya tangi na uziweke kwenye ndoo safi ndani ya nyumba. Usipofanya hivyo maji yatafurika. Kisha ziteremshe chupa mbili taratibu, moja kila upande, mbali na pembe waliyolala samaki. Chupa mbili za namna hiyo zikishatoa joto lao lote zinapandisha lita 120 kwa karibu digrii moja. Hesabu hiyo inakupendelea, maana hata ukitaka kuharakisha, chupa mbili hazitakuruhusu. Baada ya dakika 40 au 50 zitoe, uingize mbili nyingine ulizoandaa. Ndani ya saa ileile tangi litapoteza kidogo, kwa hivyo tegemea kupata kama robo tatu ya digrii kwa kila awamu. Kutoka 19 hadi 23 ni awamu tano au sita. Inachosha, ndiyo. Pokezaneni na baba watoto. Atakuwa na kazi ya mbabula aliyoitaka.

Ishie 23. Usitafute 25 usiku huu.

Utaona jambo la kupendeza kwenye awamu ya pili au ya tatu. Brichardi mmoja, kwa kawaida yule mkubwa, atainuka sakafuni na kusogea upande wa chupa. Hasogei karibu kabisa, anasimama kama shibiri moja na kukaa hapo, ubavu ukiielekea. Kisha wadogo watamfuata mmoja mmoja wapange foleni nyuma yake, mapezi yanaanza kufunguka, ule mkia wenye ncha mbili ndefu unaonekana tena. Julidochromis watachelewa; wao hubaki kwenye nyufa za mawe hadi mwisho. Usiwasukume watoke.

Hapo niseme neno kuhusu wazo ambalo huenda likakujia, la kuwahamishia kwenye beseni ndogo ili maji machache yapate moto upesi. Usifanye hivyo. Maji machache hupata moto upesi na hupoa upesi vilevile, kwa hiyo utakuwa unawapandisha na kuwashusha usiku kucha. Tena brichardi ni samaki wa ukoo: wakubwa husaidia kulea na kulinda wadogo zao, na kila mmoja anajua mahali pake. Ukiwavua, ukawachanganya kwenye beseni na kuwarudisha kesho, mmoja au wawili wanaweza kukataliwa na kung'atwa mpaka wafe. Nimeona hivyo kwa tangi la jirani, na aliyekuwa anafukuzwa alikuwa amepona baridi vizuri tu.

Na ile koili ya kuchomeka kwenye umeme, ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo, isiingie kwenye tangi hata kwa dakika moja. Haina kipimo cha joto, inaweza kurusha umeme ndani ya maji, na madini yake huachia sumu. Sisi wa mji wa shaba tunaipenda shaba, lakini kwa samaki ni sumu hata ikiwa kidogo sana majini.

Jambo la pili ambalo umeme ukikatika huwa ni hatari kuliko baridi ni hewa. Umeniambia kuhusu hita, hukuniambia kuhusu chujio, ila kama umeme unaondoka basi chujio nalo linasimama. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi kuliko pwani, na maji hushika oksijeni pungufu kwa kiasi kama asilimia 13. Samaki hawa wametoka kwenye maji ya ufukoni yanayopigwa na mawimbi mchana na usiku, hawajazoea kubanwa. Kwa bahati maji ya baridi hushika oksijeni zaidi kuliko ya moto, na samaki aliyepoa huhitaji kidogo, kwa hiyo baridi yenyewe inakupa muda. Lakini kadiri unavyowapasha, ndivyo watakavyohema zaidi. Umeme ukiwa hakuna, kila baada ya saa moja chota maji ya tangi kwa kikombe kikubwa na uyarudishe ukiyamimina kutoka kimo cha mkono, mara thelathini au arobaini. Ukiwaona wamepanda juu wote na midomo iko kwenye uso wa maji, usingoje saa iishe.

Wengi mjini wana betri na inverta, na labda mko nayo ya televisheni. Usiifunge kwenye hita. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu, lakini ile ya asidi ukiitoa zaidi ya nusu unaiua, kwa hivyo una kama 600. Hita ya wati 100 itazimaliza ndani ya saa tano au sita, tena inverta yenyewe inakula sehemu yake. Pampu ndogo ya hewa hula wati tatu hadi tano. Betri hiyohiyo itaipigia hewa siku nne na zaidi. Betri iwape hewa, makala yatoe joto.

Chujio likisimama kwa zaidi ya saa mbili tatu, hasa lile la boksi lililofungwa linalokaa nje ya tangi, usiliwashe tu umeme ukirudi. Ndani yake mna bakteria wanaokula amonia, sumu inayotoka kwenye taka za samaki, nao pia wanahema. Wakikosa maji yanayopita hufa na kuoza humo. Lifungue, mwaga maji yake, kamua sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, si ya bomba, ndipo urudishe. Hili kwako ni zito zaidi kuliko kwa mwenye samaki aina ya guppy, kwa sababu maji ya samaki wa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) ya 8 hadi 9, na amonia huwa kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Ndiyo maana nakukataza pia kuwalisha leo na kesho. Tumbo lililopoa halisagi chakula, na chakula kisichosagwa au kisicholiwa ni amonia ya keshokutwa. Samaki wazima hawa hukaa siku tatu bila kula wasipungue kitu. Watoto wakilia kwamba samaki wana njaa, waonyeshe chupa wakusaidie kubeba.

Nije sasa kwa hita, maana swali lako la mwisho lilikuwa zuri kuliko ulivyodhani. Umesema taa inawaka. Taa inayowaka inaonyesha kwamba umeme umefika. Haionyeshi kwamba umefika wote. Nguvu ya hita haishuki sawasawa na volti. Inashuka kwa mraba wake. Hita iliyoandikwa wati 100 kwa volti 220, ukiipa volti 180, haitoi wati 82 kama mtu angekisia, inatoa 67. Ukiipa 160 inatoa nusu tu. Na jioni, mtaa mzima unapowasha majiko na pasi, volti za namna hiyo si ajabu. Sasa kumbuka tangi lako: lita 120 zisizovikwa, sebule ya digrii 16, ukitaka 25, zinapoteza wati 70 hadi 80 kila wakati. Hita yako ikitoa 67 itafanya kazi usiku kucha, taa ikiwaka bila kuzimika hata mara moja, na maji bado yatashuka kidogo chini ya 25. Ongeza saa ambazo umeme haukuwepo kabisa na ile 19 haishangazi tena. Nadhani hita yako haijafa, ila sitaki utegemee dhana yangu.

Ipime hivi. Chomoa kwanza kwenye soketi. Ngoja dakika 20 ikiwa bado ndani ya maji, kwa sababu kioo chake kikiwa cha moto kikaguswa na hewa baridi kinapasuka. Usitie mkono kwenye maji ya tangi hita ikiwa imechomekwa, leo wala siku nyingine. Itoe, ifute, itazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona ukungu au matone ya maji ndani ya kioo, au ufa hata mwembamba kama unywele, itupe na usijaribu kuitengeneza. Ikiwa safi, itie kwenye ndoo ya plastiki yenye lita kumi za maji ya baridi, izame mpaka kwenye alama yake, weka kipimajoto, geuza kitasa chake mpaka juu kabisa, chomeka. Umeme ukiwa kamili, lita kumi hupanda kama digrii nne kwa nusu saa. Zikipanda chini ya tatu, hita ni nzima na umeme wenu ndio dhaifu. Zisipopanda kabisa, imekufa. Rudia jaribio hilo mchana na jioni. Fundi wa umeme mwenye kipima volti atakuthibitishia kwa dakika mbili.

Ikionekana tatizo ni volti, kununua hita nyingine ya wati 100 ni kutupa pesa. Acha frigoliti kwenye tangi msimu wote wa baridi, nyuma, pembeni na chini ya tangi pia siku utakayolihamisha, kisha tafuta hita mbili za wati 75 badala ya moja kubwa. Napenda mbili kwa sababu nyingine pia. Hita hufa kwa namna mbili, na ile ya kuacha kupasha ndiyo ya upole. Nyingine ni kidhibiti chake kunata kikiwa kimewaka, ikapasha bila kukoma mpaka samaki wanapikwa. Hita ndogo ikinata haina nguvu ya kulichemsha tangi lote kabla hujagundua, na moja ikifa, ya pili inashikilia. Umeme unapokatika chomoa zote, na ukirudi subiri dakika kumi ndipo uchomeke, kwa sababu mara nyingi unarudi na mshindo. Waya wa kila moja uache ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Kuanzia kesho wapandishe digrii moja kwa siku hadi 25. Maji uliyoyaweka kwenye ndoo yarudishe yakiwa na joto sawa na la tangi. Usibadilishe maji mengine wiki hii. Halafu kwa majuma mawili watazame kila asubuhi kwa tochi, kwa pembeni, mapezi hasa. Baridi huwaachia mlango wadudu wa madoa meupe, wanaofanana na punje za chumvi zilizonyunyizwa mwilini, na hawatokei usiku wa baridi bali siku ya nne, ya sita, hata ya kumi, wakati umeshasahau. Ukimwona samaki anajikwaruza kwenye jiwe, niandikie siku hiyohiyo. Dawa ya kwanza ni joto lenyewe, kupandishwa polepole hadi 29 na kushikiliwa hapo siku kama kumi, hewa ikipigwa muda wote, lakini kwa hilo tunahitaji kwanza kujua kama umeme wenu unaweza.

Kwa hiyo nitumie namba tatu kesho: kipimajoto cha tangi kimesoma ngapi kabla ya jua kuchomoza, sebule yenyewe ilikuwa digrii ngapi, na ndoo ya lita kumi ilipanda ngapi kwa nusu saa. Nikizipata nitakuambia ni wati ngapi hasa za kununua.